Hivi shoo za TV za kuwinda mizimu ndo zimezalisha hawa wawindaji wa mtaani, au hobi ilikuwepo kabla?

#1 Kisiki_Kavu
Wakuu salaam. Kuna kitu kinanizunguka kichwani muda mrefu nataka tukijadili. Huku Marekani ninakoishi, karibu kila mji unaopita unakuta kuna kikundi cha watu wa kawaida kabisa, dereva wa basi, nesi, mwalimu wa shule ya msingi, wikiendi wanavaa tisheti nyeusi zenye jina la kikundi, wanabeba rekoda na kamera za usiku wanaenda kukesha kwenye gereza lililofungwa au hospitali bovu, wanauliza gizani "kuna mtu hapa?" wananyamaza, wanauliza tena, halafu wanarudi nyumbani kusikiliza masaa na masaa ya rekodi ambayo nyingi ni kimya tu. Hawalipwi. Wengi wanalipa wao ndo waingie.

Mimi nasema hii imeletwa na TV, na hasa shoo moja, Ghost Hunters, iliyoanza Oktoba 2004 chaneli ya Sci Fi. Jason Hawes na Grant Wilson walikuwa mafundi bomba wa Roto-Rooter kule Rhode Island, mchana wanazibua mabomba ya vyoo vya watu, usiku wanawinda mizimu. Mtu akikaa kwenye kochi akawaona anasema kumbe hata mimi naweza. Nawasilisha.

#2 MzeeWaRedio
Mkuu uzi mzuri ila hiyo 2004 si mwanzo. MTV walikuwa na shoo inaitwa Fear tangu 2000, vijana wanaachwa usiku kwenye jengo tupu wamevalishwa kamera zinazowatazama usoni, ukikimbia hela huipati. Uingereza Most Haunted ilianza 2002, Living TV, mtangazaji Yvette Fielding aliyetokea Blue Peter, kile kipindi cha watoto cha BBC, na mumewe Karl Beattie wakaitengeneza pamoja. Ile picha ya kijani ya kamera ya usiku, mtu macho yanang'aa anapiga yowe, Waingereza walishaizoea miaka miwili kabla ya mafundi bomba wako. Na ukitaka kwenda mbali zaidi, Harry Price, mchunguzi wa mizimu, alitangaza mubashara BBC redioni kutoka nyumba iliyosemwa ina mizimu kule Meopham, Kent, mwaka 1936. Redio! Society for Psychical Research, chama cha London cha kuchunguza mambo kama haya, ni ya 1882. TV imekuta watu wanacheza zamani.

#3 NyotaYaBara
Nakaa siti ya mbele hapa. Ombi langu moja tu, msiweke picha, leo nalala peke yangu.

#4 Karafuu_Kavu
Mie kinachonishangaza ni mtu mzima na akili zake kutoka kwake usiku kwenda kumtafuta asiyemtafuta. Kwetu Pemba 1995 lilipovuma la Popobawa watu walilala nje ya majumba yao, wamekusanyika, moto unawaka, wengine hawafumbi jicho mpaka alfajiri, na sikumsikia hata mmoja aliyesema leteni rekoda tumuhoji. Kitu cha namna ile kikikufika unasomewa kikuondoke, basi. Hawa wenzetu wanakwenda kukigongea mlango na tiketi wamekata.

#5 Kisiki_Kavu
@MzeeWaRedio hiyo miaka uko sahihi, ila angalia hoja yenyewe. Harry Price alikuwa mtu wa London mwenye maabara yake na waandishi wa magazeti nyuma yake. Fear ni mashindano ya hela. Most Haunted ilikuwa na medium, yaani mtu anayedai kuongea na wafu, Derek Acorah, roho inamuingia anaanza kuunguruma, sasa hicho wewe na mimi tutakiiga vipi?

Ghost Hunters walileta UTARATIBU ambao mtu yeyote anaweza kuufuata. Kwanza unazungushwa na mwenye nyumba anakuonyesha wapi kasikia nini. Mnafunga kamera, mnavuta waya mpaka kwenye skrini moja. Taa zinazimwa. Mnakaa wawili wawili kila chumba mnauliza maswali mnarekodi. Kesho yake mnapitia rekodi zote, mwisho mnamrudia mwenye nyumba mnamwonyesha mlichopata, na mara nyingine mnamwambia mama hapa hakuna kitu, ni bomba la maji linagonga ukutani. Fundi bomba ndo anajua bomba linavyogonga! Mimi hicho ndo kilichonivuta, walikuwa wanaanza na sababu ya kawaida kwanza. Jason alianzisha kikundi chake 1990, kikaja kuitwa TAPS, na baada ya TV vikundi vya majimbo mengine vikaanza kujiunga chini ya mwamvuli wake. Ndo maana nasema hobi ya sasa ina sura ya hii shoo, mpaka tisheti.

#6 Mvua_za_Leeds
Mmemtaja Acorah ngoja niwamalizie maana naona mnapita juu juu. Ndani ya Most Haunted alikuwepo mwanasaikolojia Ciarán O'Keeffe, kazi yake kuangalia mambo kwa jicho la sayansi. Akawa na wasiwasi kwamba Acorah anapata habari za marehemu kabla ya kamera kuwashwa. Akatunga jina la mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, Kreed Kafer, akahakikisha linamfikia. Usiku wa kurekodi, Acorah akaingiliwa na Kreed Kafer. Sasa zichanganye herufi za hilo jina utapata "Derek Faker", yaani Derek tapeli. Akarudia na Rik Eedles, ukizipanga upya unapata "Derek Lies". O'Keeffe akayatoa gazetini 2005, na mwaka huohuo Ofcom, wale wasimamizi wa utangazaji, wakaamua kwamba Most Haunted ni burudani na isichukuliwe kama uchunguzi halali.

Mngetegemea hobi ife eeh? Wapi. Huku mpaka leo tiketi za usiku wa mizimu zinauzwa, majumba ya kale, magereza, hata nyumba moja ya kawaida mtaani kule Pontefract inayosemwa ina mizimu, 30 East Drive, inakodishwa kwa usiku. Mimi nimeenda na wenzangu wa kazini, tukafika watu wazima tunacheka, kufika saa tisa usiku hakuna anayetaka kupanda juu peke yake hata chooni.

#7 NyotaYaBara
Sasa Leeds na wewe, uliona nini? Usitukatie hapo!!

#8 Mvua_za_Leeds
Sikuona kitu dada. Nilisikia hatua za miguu juu ya dari na jirani wa ukuta mmoja yupo, zile ni nyumba zilizoungana. Lakini nakwambia ukweli, kwa ile saa, jirani hakunijia kichwani kabisa.

#9 fundi_stima
Niaje wakuu. Mimi ni fundi wa stima, Mkenya niko Minnesota, wacha niongee kuhusu ile mita ya K2 ya kupima mawimbi ya sumaku ambayo wawindaji wanabeba, yenye taa tano, kijani mpaka nyekundu, maana iliniletea kazi kwa nyumba ya mama mmoja mzee. Watu wa kikundi walikuwa wamepita kwake wakamwambia chumba cha kulala kina "nguvu" kubwa sana karibu na kitanda, huyo mama akaacha kulala huko akawa analala sitting room. Nikafungua ukuta. Waya za zamani, za vitambaa, laivu imepita upande wake na nyutro imepita upande mwingine, hazijaandamana, na ukiachanisha hizo mbili mawimbi ya sumaku hayafutani tena, yanajaa chumba mzima. K2 haidanganyi, imepima kitu kiko. Ni tafsiri ndo imepewa marehemu.

Na hiyo mita inaruka pia ukiwa na simu mfukoni, simu ikitafuta mtandao tu taa zinapanda. Redio za mkononi pia. Sasa nyinyi wote kumi mko gizani, kila mtu na simu, mnauliza "kama uko hapa washa taa". Itawaka bana!

Kitu moja nawapea heshima. Bila hao watu wa mizimu, huyo mama angeishi na hizo waya mpaka nyumba ishike moto.

#10 dereva_wa_Ubungo
Kwa hiyo fundi stima ndo mganga mkuu wa Minnesota, bei yako ni kuku mweupe au dola?

#11 fundi_stima
@dereva_wa_Ubungo dola boss, na kuku pia sikatai.

#12 NesiWaUsiku
Habari za usiku wapendwa. Mimi nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee Canada na nataka niongeze mawili.

La kwanza la kitabibu. Mwaka 1921 daktari wa macho Mmarekani, William Wilmer, aliandika kisa cha familia iliyohamia nyumba kubwa ya zamani mwaka 1912, wakaanza kusikia nyayo, wakaona watu wamesimama miguuni pa kitanda, watoto wakapauka, mpaka maua ya ndani yakafa. Ikagundulika tanuru la kupashia nyumba joto limeharibika, linamwaga kaboni monoksaidi ndani. Likatengenezwa na vituko vikaisha. Ni hewa ileile inayoua watu kwetu wakilala na jiko la mkaa ndani, kwa hiyo jamani mtu akiwaambia nyumba yake ina mambo na wote mnaumwa kichwa, fungueni madirisha kwanza mtoke nje.

La pili ni la moyo. Kazini kwetu kuna bibi alifariki, na kengele ya chumba chake ikalia usiku uliofuata, chumba kitupu. Betri inaweza kuwa, unyevu unaweza kuwa. Ila mimi nilienda, nikasimama mlangoni nikamwita jina lake, nikamuaga, kwa sababu sikupata nafasi ya kumuaga. Kwenye hivi vikundi nimekutana na mama aliyefiwa na mtoto, anaenda kila wanapoenda na rekoda yake. Hafuati TV yule. TV imempa tu mahali ambapo anaweza kuongea na mtoto wake kwa sauti bila mtu kumwambia anyamaze.

#13 Karafuu_Kavu
Nesi umenitoa machozi. Hilo la mama mie sina neno nalo, Mungu amtulize.

#14 MzeeWaRedio
Pole dada Nesi na asante. Niongeze kwenye la kitabibu kabla watu hawajaja na ile hadithi ya sauti nzito. Vic Tandy, mhandisi wa Coventry, alikuwa maabara usiku akahisi ubaridi na huzuni, pembeni ya jicho akaona umbo la kijivu, akigeuka halipo. Kesho yake upanga wake wa michezo aliokuwa ameubana kwenye jiliwa ukaanza kutetemeka wenyewe. Akafuatilia akakuta ni feni mpya ya kutolea hewa, inatoa mtetemo wa karibu mara 19 kwa sekunde, chini ya kiwango ambacho sikio linasikia. Wakaibadilisha jinsi ilivyofungwa, mambo yakaisha. Aliichapisha 1998 na tangu hapo kila mtu mtandaoni anasema mizimu ni sauti nzito, kesi imefungwa.

Haijafungwa. Chris French na wenzake wa chuo cha Goldsmiths, London, walijenga chumba maalum, wakakijaza hiyo sauti nzito na mawimbi ya sumaku kwa zamu, watu wanaingia bila kujua lini vimewashwa. Walitoa ripoti 2009. Watu wengi walihisi mambo ya ajabu kweli, lakini hayakufuatana na mitambo kuwashwa au kuzimwa. Wale wenye kuamini haraka ndo walihisi zaidi. Kwa hiyo @fundi_stima na waya zako, uwepo wa mawimbi si ushahidi kwamba ndo yalimtisha yule mama.

#15 fundi_stima
@MzeeWaRedio mimi sikusema waya zilimtisha mzee wangu. Kilichomtisha ni wale watu kumwambia kitanda chake kina kitu. Soma tena #9.

#16 kodi_na_chai
Naona wote mnaongea TV TV, mimi nafanya kazi ya programu na nasema ni VIFAA. Angalia miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 rekoda ya dijitali inashuka bei, kamera ya dijitali inashuka bei, halafu YouTube inakuja 2005. Zile duara nyeupe kwenye picha wanazoita orbs zilijaa kipindi hicho kwa sababu kamera ndogo za dijitali flashi imekaa karibu sana na lenzi, vumbi la mbele ya lenzi linawaka. Sauti za marehemu kwenye rekodi ni za zamani pia, Jürgenson wa Sweden alikuwa anarekodi ndege mwaka 1959 akasema kasikia watu, baadaye Raudive akakusanya maelfu. Lakini ilibaki ya watu wachache wenye mashine za tepu. Bei ikishuka ndo inakuwa hobi.

Na ile Kinect ya Microsoft ya 2010 ya kuchezea gemu wanaifunga kwenye tableti, inachora kijimtu cha vijiti pale mwanadamu haoni mtu. Wakuu ile programu imefundishwa kutafuta MTU. Kazi yake ni hiyo moja. Ukiielekeza kwenye kiti na pazia gizani inaweza kukutafutia kichwa na mabega hata pasipo na mtu. Spirit box nayo ni redio inayoruka stesheni bila kusimama, unapata vipande vya maneno, ubongo unaunganisha. 2016 kule hoteli ya Stanley, Estes Park, Colorado, wakabuni njia ya kumfunga mmoja macho na kumvalisha hedifoni anataja anachosikia huku wenzake wanauliza maswali asiyoyasikia. Hiyo angalau wamejaribu kumzuia asijibu kwa kubahatisha, nawasifu.

#17 dereva_wa_Ubungo
Ukimwelekezea mjomba wangu hiyo Kinect baada ya saa nne usiku sidhani kama itachora mtu.

#18 Magofu_na_Mimi
Samahani kuchelewa, nimesoma uzi wote. Mnasahau upande wa pili, wenye majengo. Mimi ni mpenzi wa historia na hii hobi naiheshimu kwa sababu moja, hela yake inalipia paa. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Weston, West Virginia, ilipokea wagonjwa tangu 1864 ikafungwa 1994, jengo la mawe kubwa ajabu likabaki linaoza. 2007 likauzwa mnada dola milioni 1.5 kwa mtu binafsi, sasa mchana wanatembeza watu kwa historia, usiku wanauza ziara za mizimu. Gereza la Mansfield, Ohio, lilifungwa 1990, leo usiku linawaingiza wawindaji. Waverly Hills ya Kentucky, hospitali ya kifua kikuu, hivyohivyo. Shoo zikipita pale wageni wanafuata.

Kinachoniuma ni namna wafu wanavyosimuliwa. Wagonjwa wa Weston walikuwa watu waliotelekezwa na ndugu zao, kwenye shoo wanageuzwa vitisho vya korido. Zak Bagans wa Ghost Adventures, ilianza 2008 Travel Channel, kuna wakati anasimama gizani anawatukana na kuwachokoza wajibu. Mtu aliyefia kwenye mnyororo unamtukana ili upate episodi?

#19 Kijana_wa_Carolina
Magofu umesema vizuri, na mimi niseme la walio hai. Statesville, North Carolina, daraja la reli la Bostian. Treni ilianguka pale Agosti 27, 1891, na hadithi ya mtaani inasema kila mwaka tarehe hiyo treni ya mizimu inasikika. 2010, tarehe ileile, watu kama kumi na mbili walikuwa wamekaa juu ya daraja kuisubiri. Treni ya kweli ikaja. Wakakimbia, kijana mmoja hakuwahi, akafa. Louisiana 2013 nyumba ya kale ya LeBeau ya miaka ya 1850 iliteketea, polisi wakasema waliokamatwa waliingia bila ruhusa kutafuta mizimu. Kwenye TV ruhusa imeshatafutwa na mtu kashakagua sakafu mchana, hayo hatuonyeshwi. Mtoto wa miaka 17 na simu yake anaiga lile giza tu. Kwa hiyo mleta uzi akisema TV ilileta utaratibu mimi nasema ilileta nusu yake.

#20 Kisiki_Kavu
Nimesoma zote, ahsanteni. @kodi_na_chai hoja ya vifaa ni nzito ila inanipa swali. Hiyo K2 ilitengenezwa kwa ajili ya kupima mawimbi ya umeme majumbani, ilikuwepo dukani. Nani aliwaambia watu kwamba ni kipimo cha marehemu? Mtu aliiona kwenye TV imewaka, mtu akaenda kununua. Kifaa bila shoo kingebaki kwa fundi stima.

#21 kodi_na_chai
Na shoo bila kifaa cha bei rahisi ungebaki unatazama. Hapo tutazunguka mpaka asubuhi.

#22 Mvua_za_Leeds
Mie naona Nesi ndo amegusa penyewe kuliko nyie wote wawili. Wenzangu niliokwenda nao Pontefract hakuna aliyetazama Ghost Hunters. Mmoja alikuwa ameachika, mmoja kafiwa na baba, mmoja alitaka tu kukaa macho usiku na watu.

#23 MzeeWaRedio
Wamefikaje Pontefract kama hawakutazama kitu? Nani aliwaambia ile nyumba ipo? Most Haunted walirusha mubashara kutoka pale 2015 mkuu.

#24 Mvua_za_Leeds
Aliyetupeleka ni wa Pontefract, kakulia mtaa wa pili, hadithi kaipata kwa bibi yake tangu miaka ya 80.

#25 Karafuu_Kavu
Haya, bibi kawashinda TV. Hadithi za bibi wa kila mahali ndo hizo, ila bibi yangu mie alinihadithia ili nisitoke nje magharibi, si niende nikakate tiketi.

#26 NyotaYaBara
Nimefika mwisho na taa zote nimewasha. @Magofu_na_Mimi hivi hilo gereza la Ohio mchana linaingilika? Dada yangu yuko Columbus namtembelea mwezi wa sita. MCHANA nimesema.

#27 Magofu_na_Mimi
Linaingilika, mchana ni ziara ya kawaida tu unatembea mwenyewe, angalia tarehe kwenye tovuti yao kabla maana siku za matamasha wanafunga. Vaa viatu vya kufunga, na koti, kuta zile zina baridi hata kiangazi.

#28 dereva_wa_Ubungo
Baridi ya ukuta au baridi ile nyingine?

#29 fundi_stima
Ya ukuta. Mawe bila hita, usianze bana.

#30 Kisiki_Kavu
@Mvua_za_Leeds huyo wa Pontefract bibi yake alimhadithia sawa, lakini kabla ya 2002 aliwahi kuingia mle ndani na rekoda? Muulize halafu uje.